Mguu Ambao Ibtihal Hakuutazama

Ibtihal wa Faza alikuwa mwaka wa tano wa udaktari huko Eldoret alipoomba wiki sita za mafunzo katika hospitali moja ya kisiwani Amu, yaani Lamu. Wenzake walidhani anataka kuwa karibu na mamake aliyeko Faza. Haikuwa hivyo. Alikuwa akimfuata Daktari Nerea, bingwa wa upasuaji, mwanamke asiyemsifu mtu ovyo, ambaye barua yake moja ingemfungulia mlango wa kusomea kazi hiyo.

Basi alijituma. Alifika wodini kabla wauguzi hawajabadilishana zamu, koti limenyooka, majibu ya maabara yote yako kichwani. Daktari akiuliza, yeye ndiye wa kwanza kujibu. Mwenzake Ammar alikuwa na mazoea ya kusema, "Sijui, daktari, nitatazama," na Ibtihal alimhurumia kimoyomoyo.

Wiki ya tatu akaletwa Bi Radhiya kutoka kisiwa cha Ndau, mama wa makamo mwenye kisukari, mguu wa kulia umevimba. Wa kushoto ulikuwa ndani ya soksi nene. Ibtihal alikuwa na wagonjwa wengine wanne wa kuwajua kabla ya raundi ya daktari. Akaupima wa kulia vizuri, akaandika, akaenda zake.

Kwenye raundi alieleza kila kitu bila kugusa faili. Daktari Nerea akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza, "Na mguu wa kushoto?"

"Uko salama, daktari."

"Umeutazama?"

Watu saba walikuwa wamemkodolea macho. "Ndiyo," alisema Ibtihal.

Bi Radhiya alifungua mdomo, kisha akajivutia shuka miguuni.

"Mmesikia?" Daktari Nerea aliwageukia wengine. "Hivi ndivyo mgonjwa anavyoelezwa."

Ibtihal alijiambia atarudi mchana kuivua ile soksi. Mchana akaitwa chumba cha upasuaji kushika vifaa, heshima ambayo wanafunzi huigombania, akaenda. Kesho yake akasahau, au alijisahaulisha. Mwenyewe hajui hadi leo.

Siku ya nne muuguzi akasikia harufu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kidonda kilichokwisha kuingia mfupani. Ikaamuliwa Bi Radhiya apelekwe Mombasa, na huko ndiko alikokatwa mguu, chini kidogo ya goti.

Asubuhi ya safari Ibtihal alikwenda kitandani kwake kuomba radhi, lakini akaishia kulia.

"Futa matozi, mwanangu," alisema Bi Radhiya. "Wewe hukuniuliza, na miye sikunena. Naliona haya, wanaume wamesimama. Tena nikasema, huyu ni mwana wetu, nisimwaibishe mbele ya wakubwa zake."

Afadhali angemlaani.

Hata hivyo hakumwambia Daktari Nerea. Kila siku alisema kesho. Siku ya mwisho daktari akamkabidhi barua, na ndani yake mlikuwa na neno "mwaminifu". Hapo ndipo Ibtihal alipoyatoa yote, amesimama, barua mkononi.

"Ungesema hujautazama, ningeivua soksi mimi mwenyewe," alisema Daktari Nerea. "Ingechukua dakika moja, Ibtihal." Hakumwambia airudishe barua, wala hakumwambia aitumie.

Hakuitumia. Leo ni daktari wa kawaida huko Kiunga, kaskazini mwa pwani, na watu wanampenda. Anayesomea upasuaji ni Ammar. Wagonjwa wakimsifu kwamba hana haraka, Ibtihal hubadilisha mazungumzo.

Bi Radhiya yuko kwao Ndau, anatembea kwa magongo. Humtumia salamu kwa kila mgonjwa anayepanda kuelekea kaskazini: "Mwambieni daktari wetu aye atutembelee." Ibtihal hujibu Inshallah. Mara mbili boti imetia nanga pale Ndau naye yumo, na mara zote mbili hakushuka.