Anayeleta Ndiye Anayeonja

Mgeni akisifia ng'ombe wangu kabla hajaketi, jioni nawahesabu upya. Ndiyo maana yule kijana wa kampuni ya kutafuta mafuta hakunipendeza tangu aliposhuka garini, hapa kwetu ukingoni mwa Ziwa Kitangiri, akaanza kusifia kila kitu: matete, ndege, hata mbuzi wangu mwenye upele. Watu wakagawiwa kofia. Yangu ninayo, kuku hutagia humo.

Alitaka mkutano wa kijiji ukubali shimo la kumwagia tope litakalotoka ardhini wakitoboa. Lingechimbwa nyuma ya matete, pale pale kambale wanapozalia mvua zikianza, na juu kidogo tu ya kisima cha shangazi yangu, ambacho nusu ya kitongoji tunachota. Akasema litatandikwa turubai zito, halitavuja. Nikamuuliza turubai hilo litadumu miaka mingapi. Akacheka, akasema hilo ni swali zuri. Akamgeukia mwingine.

Shangazi akainuka na kata ya maji ya kisima chake. Kwetu, anayekuletea pombe huonja kwanza mbele yako ili ajitoe kwenye shaka, ndipo nawe unywe. Hata mtoto analijua hilo.

"Shikamoo bibi," kijana akawahi.

"Marahaba mjukuu wangu. Unasema maji yetu hayatadhurika?"

"Hayatadhurika, bibi."

"Haya, onja."

Akaipokea kata kwa mikono miwili, akanywa yote, akajifuta mdomo. Mkutano mzima ukapiga makofi. Mwenyekiti akauliza wanaokubali, na mikono ikanyooshwa. Nikasimama nimewaka.

"Jamani, hayo aliyokunywa ni ya kwetu! Ya kwake bado hajayaleta!"

Wakaniambia nikae, nisiwaaibishe mbele ya wageni. Shangazi mwenyewe alinivuta kitenge.

Shimo likachimbwa, likajaa tope la kijivu. Kama linavuja, sijui. Wakisema halivuji siwaamini, na nikisema linavuja sina ushahidi, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwaka huu kambale wamekuwa haba. Wengine wanasema ni mvua. Tulipomtafuta yule kijana aje aonje tena, tukaambiwa amehamishwa, na aliyekuja badala yake alikuwa na maji yake ya chupa.

Sasa kila asubuhi shangazi huwahi kisimani kabla ya wajukuu. Huteka kata moja, hunywa, kisha huketi kwenye jiwe na kuwazuia watoto na ndoo zao mpaka jua lipande. Juzi uzalendo ukanishinda, nikamfokea.

"Shangazi, unataka kujiua? Kwa nini wewe?"

Hakukasirika. Alikuwa anaangalia maji.

"Ile kata niliileta mimi," akasema. "Niache nionje."