Kitambaa Kilichopotea Kwenye Kamba

Fortunée Tshimanga hushona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake mtaani Kikula, katika mji wa machimbo. Kila Jumamosi husukuma cherehani ukutani, akatandika mkeka na kuwafundisha wasichana wa mtaa mambo ambayo mama zao huyasema kwa macho tu: hedhi ni nini, na namna ya kujishonea pedi ya kitambaa, flaneli juu, taulo kuukuu katikati, vifungo pembeni. Alianza baada ya mvua moja iliyofurisha mtaro wa mlangoni pake. Pedi za plastiki za dukani zilielea pale siku mbili, mbwa wakizivuta, na wasichana wakapita wameinamisha vichwa kana kwamba kila moja ni yao.

Somo moja alilirudia kuliko yote. "Mufule na maji ya baridi na sabuni, halafu muanike pa jua. Hapana chini ya kitanda. Jua njo dawa."

Hadassa, binti wa miaka kumi na minne, alitii. Alhamisi moja ya mwezi wa Mei alianika pedi tatu uani kwao. Alipokwenda kuzianua alikuta mbili.

Kesho yake asubuhi mama yake, Arlette, aliingia kwa Fortunée bila kubisha hodi, kilemba kimemwangukia shingoni.

"Mama Fortunée, damu ya mutoto yangu iko wapi?"

"Damu gani, mama?"

"Ile kitambala! Bantu balikamata. Batapeleka ku Kakanda, ku mashimo, batafutie nayo bahati ya madini. Mutoto yangu hatazala! Na ni weye ulimuambia aanike inje."

Fortunée hakucheka. Mume wake, Kalombo, alikuwa mchimbaji, na maneno hayo aliyajua tangu utoto: mwanamke aliye katika siku zake hasogelei shimo, na kitambaa chake mikononi mwa mtu mbaya kinaweza kumfunga tumbo. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba hakuyaamini hata kidogo.

Kufikia mchana maneno yalikuwa yamegeuka mtaani: Fortunée huwakusanya wasichana, huwagawia vitambaa, kisha vitambaa hupotea. Vinakwenda wapi? Bombani wanawake walisogeza ndoo zao kando alipofika na yake. Jumamosi mkeka ulibaki mtupu.

"Funga mulango," Kalombo alimwambia. "Unakumbuka ule mama muzee wa avenue ya pili? Balimusema mulozi, bakavunja nyumba yake mu saa moja tu."

Alikumbuka. Alificha pedi zote ndani ya gunia la unga. Siku mbili alishona akiwa na mkasi mapajani, na kila nyayo zilipopita nje, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

Jumatatu mchana aliingia Tina, mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeishi ukuta kwa ukuta na akina Hadassa. Alifunga mlango nyuma yake.

"Mama, minye njo nilikamata ile kitambala ya Hadassa."

"Sababu gani, mutoto yangu?"

"Damu ilikuya ile siku, mara ya kwanza. Nilifikiri nakufa. Mama hayuko tena, na papa siwezi kumuambia. Niliona ile kitambala ku kamba, nikavaa." Akaanza kulia. "Bakijua, batanichoma."

Fortunée alishusha pumzi, kisha hofu mpya ikamshika. Akinyamaza, watu watamjia yeye. Akisema, watamwendea mtoto huyu. Alitoa pedi mpya kutoka kwenye gunia, akamwonyesha namna ya kuzivaa na kuzifua, akamweleza kwamba pedi haziazimwi, kila mtu ana zake. Ndipo akasema, "Twende kwa mama ya Hadassa, siye wawili tu. Ukikataa, sitakukokota."

Tina alishika pindo la kitenge chake. Njia ilikuwa fupi, lakini Fortunée alisimama mara mbili kutazama nyuma.

Arlette alikuwa anapuliza makaa. Tina alisema yote bila kuinua macho, akatoa ile pedi, imefuliwa, imekunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Arlette aliigeuza, akautambua uzi mwekundu ambao binti yake alishonea. Fortunée akapima kwa macho umbali wa lango.

"Nani alikufundisha kuivaa?" Arlette aliuliza.

"Hakuna muntu."

Arlette aliketi juu ya beseni lililopinduliwa. "Siku ine sijalala," alisema. "Siku ine nimefungia Hadassa mu nyumba, hata ku masomo haendi." Akamvuta Tina kifuani, akalia.

Bombani Arlette aliwaambia wenzake kwamba kitambaa kimepatikana, mtoto wa jirani alikiokota, basi. Wengine walikubali. Wengine mpaka leo huvuka barabara wakimwona Fortunée.

Jumamosi iliyofuata, kati ya wasichana kumi na tisa walirudi watano, Hadassa na Tina wakiwamo. Sasa huanika pedi zao uani kwa Fortunée, naye huketi karibu na ushonaji wake wa mkono mpaka zikauke. Kivuli cha mtu asiyemjua kikigusa ua, sindano husimama.