Nani Anaisimamisha Saa ya Shangazi?

Sikubaligi jambo kabla ya kulihoji, na tabia hiyo ndiyo imeniaibisha. Shangazi yangu Nyangeta wa Bweri ana saa ndefu ya zamani ya Kifaransa. Marehemu mumewe, aliyekuwa mpishi wa padri huko Butiama, aliachiwa na padri huyo. Inaendeshwa na uzito wa mawe mawili ya chuma yanayoshuka polepole kwa kamba ndani ya kabati la saa yenyewe. Niliisafisha, nikaifufua. Kabati likawa linayumba, nikalikandamiza kwa vitabu vyangu vya chuo, ndani chini kabisa, nikafunga.

Siku ya tatu ikasimama. Nikazungusha ufunguo, mawe yakapanda, ikatembea, ikasimama tena. Nikashuku mafuta, nikashuku upepo wa ziwani, mwishowe nikamshuku shangazi.

“Shangazi, unaigusaga?”

“Mimi? Naipitiaga mbali kama ng'ombe mkali.”

Sikumwamini. Siku ya misa ya kumkumbuka mumewe, nikatangaza mbele ya wageni kwamba kuna mtu humu ndani anaihujumu. Shangazi akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga.

Wifi yake kutoka Bunda akafungua kimlango cha chini cha kabati la saa.

“Mwanangu, mbona mawe yamelalia vitabu? Vya nani hivi?”

Akakiinua cha juu, akaanza kusoma jina langu kwa sauti.