Somo la Kutouliza Bei

Darasani kwetu tulikaa duara, kwenye viti vya plastiki. Kila nikiingia nilihesabu viti, kisha nikahesabu watu, kisha nikarudia, kwa sababu hesabu hizo mbili hazikuwa zikikubaliana. Viti vilizidi watu. Waliopungua hatukuwaulizia kwa sauti, tulijua walipo. Walikuwa wamerudi kuvuta unga. Ndiyo maana darasa likawepo. Kuacha nilikuwa nimeshaacha: arosto, maumivu ya kukosa unga, niliimaliza kwenye nyumba ya upataji nafuu, kwa kutapika na kulia kama mtoto, nikatoka na mwili wangu. Kazi iliyobaki ilikuwa kukaa nimeacha, na kazi hiyo haina siku ya kufunga duka.

Mwalimu wetu, mshauri nasaha, alikuwa dada wa Kipemba, mfupi, mpole wa maneno, asiyechekacheka ovyo. Alitueleza kwamba hamu ya unga hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka yenyewe usipoilisha. Nikamwambia kama hushuka yenyewe basi mimi nimeibiwa miaka mingi, maana kila ilipopanda niliinunulia ngazi. Akasema vizuri, leo tutaanza na wewe.

Igizo lilikuwa rahisi. Yeye awe muuzaji, mimi mpita njia. Yeye anishawishi, mimi nikatae. Tatizo ni kwamba mimi ni mchuuzi wa samaki. Nanunua Kigombe, nauza Makorora, na mdomo wangu ndio mtaji. Mwalimu akachukua kiberiti kuwa ndiyo kete ya unga, akanisogelea kwa haya kidogo, kwani kuuza unga hakukuwa fani yake, akataja bei. Nikamwuliza bei hiyo ni ya mwaka gani. Akashusha. Nikamwambia mzigo wenyewe mdogo, tena umeshikwashikwa. Akashusha tena. Nikageuka kama naondoka, nikajivuta polepole nikisubiri kuitwa, akaniita. Tulipofika mwisho, lau ingekuwa biashara ya kweli, mwenye mali angelala njaa na wanawe. Wenzangu wakapiga makofi. Nikarudi kitini kifua mbele kama bwana harusi.

"Umenunua," mwalimu akasema.

"Sijanunua. Nimeshusha bei."

"Samaki usiyemtaka, huuliza bei yake?"

"Ya nini? Nampita kama jiwe."

"Basi na huyu mpite hivyo hivyo."

Makofi yakaisha.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, rika la baba yangu, aliyeletwa pale na pombe. Alimwambia mwalimu kwamba hayo ya jiwe hayawezekani. Mtu haji na kete mkononi. Huja na salamu, na salamu lazima irudishwe. Akuombee amani, wewe umpite kama kiziwi, ni uungwana gani huo? Kisha akatazama viatu vyake.

"Mimi mara zote nilizorudi," akasema, "zilianza na habari za nyumbani."

Kila mmoja wetu alikuwa amerudi kupitia mlango huo huo. Kwetu pwani salamu haina haraka: za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu siku ile. Ukifika kwa watoto umeshasimama, ukifika kwenye kazi umeshakaa, na ukishakaa hapo, yaliyobaki huna haja ya kusimuliwa.

Mwalimu akafikiri, akakubali kwamba mzee amesema kweli. Akaamua salamu irudishwe, lakini kwa mdomo tu; miguu haikusalimiwa, iendelee. Tukafanya mazoezi. Mmoja anasimama katikati ya chumba, wengine wanapita, wanaitikia na kuendelea. Ukisikia hivi utasema ni jambo dogo. Mimi nilisimama kila mara. Magoti yalikuwa na adabu kuliko mimi. Tulizunguka mpaka majirani wakaja kuchungulia dirishani, wawaone watu wanaosalimiana na kukimbiana.

Nilikuwa na sababu ya kujifunza upesi. Tangu nitoke, mke wangu alikuwa akifuatana nami Kigombe kununua, na alikuwa amechoka kunilinda kama mbuzi wa kuazima. Jioni moja akaniambia Jumamosi nitakwenda peke yangu. Nikirudi nimevuta, nisipite mlangoni kwake. Nguo zangu nitazikuta kwa mama yangu. Alisema bila hasira, huku akipepeta mchele, na hapo ndipo nilipojua hatanii.

Kigombe, kabla ya kufika ufukweni penye mnada, kuna kibanda cha mashine za boti. Mwenzangu wa zamani wa kuvuta alikuwa ameegemea ukuta wake. Akanipa salamu. Nikaitikia, miguu ikaendelea. Akauliza za nyumbani. Nikasema alhamdulillahi, miguu ikaendelea. Akanifuata.

"Mwanangu, nina kitu safi. Leo nakupa bei ya udugu."

Mdomo uliniwasha. Nilitaka kujua tu, hata si kununua, kujua tu hiyo bei ya udugu ni ngapi. Nikauma ulimi. Naye, kwa kuwa hajawahi kuniona nimenyamaza, akadhani nakaza. Akataja bei. Baada ya hatua chache akataja ya chini yake, kisha ya chini zaidi. Sijapata kusikia bei ikiporomoka namna ile nami sijasema neno. Ingekuwa bei ya samaki changu, ningenunua tenga zima.

"Basi taja wewe," akasema. "Yoyote."

Hamu ilikuwa imefika kileleni, miguu ikaendelea. Sikutaja. Nyayo zake zikakatika nyuma yangu. Nilipokuwa nimefika mbali kidogo nikamsikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu tuliyekula naye: "Haya, wasalimie nyumbani."

"Zimefika," nikasema, bila kugeuka.

Mnadani sikuuamini tena mdomo wangu. Niliogopa ukifunguka kwa bei yoyote ile, utarudi kibandani. Mvuvi akanitajia bei ya changu, nikampa pesa yake yote. Akanitazama, akaniuliza kama naumwa.

Nyumbani mke wangu hakuangalia samaki. Alinitazama jicho hili, akatazama la pili, akarudia yote mawili. Ndipo akauliza nimenunua kwa bei gani. Nikamwambia. Akaketi kwenye mbuzi ya nazi.

"Yote hiyo?"

"Yote."

Akavuta kisu, akaanza kuparua magamba. Mimi nimesimama pale, sijui niingie ndani au nikaulize nguo zangu kwa mama.

"Jumamosi ijayo nenda tena," akasema. "Ila kwa samaki, ubishane."