Neno "Get" na Mashina ya Milamula

Shida yangu ilianza mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, nikiwa na miaka kumi na saba. Wenzangu wakisimulia mwaka ule husimulia bendera. Mimi nasimulia msiba wa baba yangu, na baba yangu mdogo aliyekuja kwenye msiba huo na panga.

Sikusoma. Darasa la pili, basi, nikatolewa kwenda kuchunga. Lakini liko neno moja la Kiingereza ninalolijua kuliko wengi wenye vyeti. Nitaeleza lilivyoniingia, na nilivyomrudishia mwenyewe. Padri ameniambia mara nyingi nitubu. Nimemwambia dhambi nyingine ninazo nyingi tu, tuanze na hizo.

Kibanja chetu kilikuwa upande wa Nshamba, migomba na kahawa kama vibanja vyote, kimepakana na cha baba mdogo. Katikati babu alipanda mstari wa milamula. Asiyeujua mlamula, ni mti mwembamba wenye majani marefu yaliyochongoka. Kwetu ndio mpaka, na ndio shahidi. Hakuna aliyewahi kudai karatasi mbele ya mlamula.

Sasa, siku za matanga kwetu hakuna anayeshika jembe. Magugu yakiota hadi mlangoni, unayaacha. Panga ruhusa, maana lazima yakatwe majani ya waombolezaji kukalia. Baba mdogo alikuwa mwalimu, mtu wa suti na viatu vyeusi, na siku ya pili ya msiba alivua koti, akasema yeye mwenyewe atakata majani. Tukamsifu. Mama akamwita mtu wa utu. Alipomaliza, mstari wote wa milamula ulikuwa umekwenda, umekatwa sawasawa na udongo, na juu yake ametandaza nyasi na majani ya migomba kwa unadhifu, kama mtu anayependa shamba.

Matanga yalipoanuliwa, wazee wa ukoo wakakaa uani. Baba mdogo akasimama na kusema kibanja chote ni chake, kwamba marehemu kaka yake alikuwa amekaribishwa tu.

"Kama kuna mpaka, nionyesheni," alisema.

Wazee waliangalia upande wa migomba, kisha wakaangalia vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, alivyowaletea, wakanyamaza. Wote walikuwa wameiona milamula ile tangu utoto wao. Nikasimama mimi, nikaanza na "waitu" yetu ya heshima.

"Waitu, baba mdogo, na mimi je? Na mama?"

Akanijibu kwa Kiingereza: "You will get nothing."

Wazee walicheka, na hakuna hata mmoja aliyeelewa.

"Umesemaje, baba?"

"Maneno madogo tu, mwanangu. Nenda shule ukayatafute. Ah, nisamehe! Nilisahau kuwa shule ilikushinda."

Kwenye maneno yale sikio langu lilishika moja, "get". Lilitoka fupi, kama mbwa anayekata mfupa. Nikaondoka nalo.

Mama alirudi kwa kaka zake Kagoma, amebeba mkeka na chungu. Kaburi la baba likabaki ndani, kwenye migomba ya mtu mwingine. Hilo ndilo lililoniuma kuliko njaa: kwamba mama akitaka kuweka maua juu ya mumewe, aombe ruhusa kwa aliyemfukuza.

Mimi nilipanda lori la ndizi hadi Bukoba. Nikapata chumba mtaa wa Kashai, tulikuwa wanne humo, na kazi ya kufua na kupiga pasi kwa masista. Kulikuwa na sista mmoja Mzungu, mzee, mkali, Kiswahili chake safi kuliko changu. Siku moja nikamuuliza, pasi ya mkaa iko mkononi:

"Sista, 'get' maana yake nini?"

"Kupata."

"Hiyo tu?"

Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Weka pasi chini, usije ukaunguza shuka. Hiyo haiishi leo."

Akaleta kamusi nene kama tofali. Neno lile dogo lilikuwa limejaza ukurasa, likavuka, likajaza na wa pili. Nilikasirika. Nilidhani nakwenda kuchukua kitu kimoja, kumbe ni ukoo mzima. Tulikubaliana: maana moja kwa wiki, na mimi nikazidisha kuni za jikoni.

Ni kupata, na ni kwenda kuleta. Ni kufika mahali. Ni kuelewa jambo ulilofafanuliwa. Ukiugua, Mwingereza anasema "get" ugonjwa. Hapo sikushangaa, maana na sisi tunapata homa. Lakini ukizeeka pia ni "get", ukilowa ni "get", ukikasirika ni "get", ukioa ni hilo hilo. Kuamka ni "get up". Kushuka kwenye basi, kupanda basi, kuingia, kutoka, yote yanavutwa na punda mmoja. Nikamwambia sista Kiingereza ni lugha ya watu wavivu wa kutunga maneno. Akasema nihesabu kwanza kazi za "piga": piga pasi, piga simu, piga magoti, piga picha. Nikahesabu wiki nzima.

Kisha akanifundisha "get back" na "get even". La kwanza ni kurudi, na pia kurudishiwa chako. La pili ni kulipiza, hadi mlingane. Aliposema hilo alinitazama kwa jicho la shaka, kwa sababu nilimwomba alirudie mara tatu.

Asili yake ndiyo iliyonikalia zaidi. Alisema neno hili Waingereza hawakulizaa wenyewe. Liliingia kwao zamani na watu wa kaskazini, waliokuja na mashua kupora, wakapora, wakanogewa, wakaoa, wakabaki. Neno lao likabaki nao. Na ukilifuata nyuma zaidi ya hao, unakuta maana yake ya kwanza ni kushika, kunyakua kwa mkono. Nikasema moyoni, kumbe baba mdogo alichagua vizuri.

"Hata 'forget', kusahau, limetoka humo," sista aliendelea. "Kusahau ni kuachia kitu ulichokuwa umekishika."

"Basi mimi sijaachia," nilisema.

"Nimeona. Ndiyo maana nakuombea." Akageuza ukurasa. "Unaona, neno linakatwa juu, linabadilishwa sura, watu wanadhani limekufa. Chini huko mzizi uko hai."

Pasi ilikuwa juu ya shuka la sista mkuu. Iliunguza tundu la ukubwa wa sahani, na sikusikia harufu. Niliona panga la baba mdogo. Panga, si jembe! Alikuwa mwizi, lakini aliogopa mwiko. Wazee walikuwa uani, na mlio wa jembe siku ya matanga ungewainua wote. Alikata. Hakung'oa. Na mlamula haufi kwa kukatwa.

Nilikwenda Kagoma Jumapili ile ile. Mama aliniambia, bila mshangao: "Kila masika hushuka mwenyewe pale na panga. Wanawake wanaopita kisimani humwona. Vibarua anao, lakini pale hawatumi." Bila shaka hakuwatuma. Kibarua angechimba, na kibarua ana mdomo. Na yeye mwenyewe akichimba visiki mstari mzima, kila apitaye kisimani angejua anang'oa mpaka; panga lilionekana ni kufyeka tu.

Hapo ningepiga kelele. Sikupiga. Wazee wale wale bado walikuwa wanakunywa rubisi yake. Nilijifunza kushona, nikanunua cherehani, nikaoa, nikasubiri. Miaka kumi na zaidi nilimwacha achoke kukata, msimu kwa msimu, peke yake, ameinama na suti yake.

Wakati wa ujamaa ulipofika, likaja baraza jipya na mwenyekiti ambaye hakuwa mtu wa ukoo wetu wala wa vibuyu. Nikapeleka shauri. Baba mdogo alikuja na miwani na karatasi.

"Mr. Chairman," alianza.

"Ndugu, hapa Kiswahili," mwenyekiti alimkata. "Mkoloni alishaondoka."

Watu wakacheka, na safari hii walielewa. Ila nami niliumia: nilikuwa nimebeba ukurasa na nusu kichwani, na sasa kumbe Kiingereza hakitakiwi!

Akasema kwa Kiswahili kwamba ardhi ni ya anayeilima, na yeye amelima. Lilikuwa neno zito wakati ule. Nikajibu kwa kifupi: "Waheshimiwa, twendeni na jembe."

Tukaenda. Nilionyesha pa kuanzia, penye mawe matatu ya kaburi la baba. Jembe la kwanza, kisiki. Hatua mbili, kisiki. Hatua mbili, kingine, na kingine, mstari umenyooka kama ulivyopandwa, unapita chini ya kahawa zake. Kila kisiki kilikuwa na makovu ya panga, juu ya kovu kovu, na pembeni kichipukizi kibichi. Mzee mmoja wa wale wa rubisi aliketi chini, akaficha uso.

"Mwalimu," mwenyekiti alimuuliza, "hivi vilijikata vyenyewe?"

Baraza likanirudishia kibanja hadi kwenye mstari. Watu walipoanza kutawanyika, baba mdogo alinifuata, ameshika kofia.

"Mwanangu, mimi ni baba yako. Niachie angalau kahawa nilizopanda. Ni jasho langu."

Hapakuwa na mwenyekiti karibu. Nikamwambia polepole, kwa lugha yake: "You will get nothing."

Alikunja uso. "Hata kulitamka hujui."

"Lakini umeelewa, waitu?"

Nikamsindikiza hadi kwenye visiki, nikasema "get out", nikasimama pale mpaka alipovuka. Kahawa zile nilivuna mimi. Hakukanyaga kwangu tena hadi alipokufa, na kwenye matanga yake nilikaa kwenye majani kama wengine, mikono mitupu.

Mama alirudi, akaishi miaka tisa, amelala karibu na mumewe.

Leo nina hivi: kibanja hicho, na kingine nilichonunua jirani. Nyumba ya matofali, bati jipya mbele, la zamani nyuma. Cherehani mbili, moja mbovu. Ng'ombe wawili na ndama. Duka dogo Nshamba, analiendesha binti yangu. Kamusi ya sista, haina jalada. Jembe lililochimba siku ile, limelika, siliazimishi. Milamula kumi na tisa.