Atupele na Bata Mzinga wa Bi Darlene

Muhula wake wa kwanza huko Ohio, Atupele wa Tukuyu alialikwa chakula kwa Bi Darlene, mama wa kanisa mwenye huruma tele kwa wanafunzi wa kigeni. Waalikwa wenzake, Wamarekani watupu, wakamwuliza kama kwao simba huingia ndani, na kama Kiingereza alijifunzia kwenye ndege. Hakuna aliyemwuliza anasoma nini. Alikuwa anasomea uzamivu wa kemia.

"Hebu tuambie kitu kwa lugha yenu, mwanangu," Bi Darlene akamwomba, mikono kifuani.

Atupele akatabasamu. "Bata mzinga wenu mkavu kama sponji, na maswali yenu yamenichosha."

Meza nzima ikapiga makofi. Mzee mmoja akafuta machozi, akasema lugha hiyo ni muziki mtupu.

"Maana yake nini, mwanangu?"

"Nashukuru kwa chakula, hasa nyama."

"Jamani, kumbe kaipenda!" Bi Darlene akamkatia vipande viwili vinene vya kidari, akasimama pembeni kumtazama anavyokula. Atupele akatafuna, akatafuna. Alipoaga akafungashiwa kidari kilichobaki, na mwaliko wa Krismasi juu yake.