Mzimu Aliyesikia Baridi

Mzimu wa kambi ya watoto kule Ilemela alizaliwa siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jikoni, na aliyemzaa ni mpishi. Nasema mapema ili msije mkaniuliza mwishoni kama ni kweli. Mpishi mwenyewe ni Dorotea, mjane wa miaka hamsini na minne, ambaye kila likizo ya Juni parokia humwita kuwapikia watoto thelathini kwa wiki moja, ufukweni mwa ziwa, kwenye mabanda yaliyobanwa katikati ya mawe. Uji wake hauna donge. Ukimwambia chumvi imezidi, anakutazama mpaka unaanza kuona imepungua.

Asubuhi hiyo alikuwa anaosha dagaa alipomwona mtoto kajibanza nyuma ya pipa la maji, amekumbatia shuka. Ni Queen, miaka minane, aliyeletwa kutoka Mirongo na begi kubwa kuliko yeye. Shuka lilikuwa limelowa, na si kwa umande. Mtoto akasema mwenyewe, kwa sauti ya kwenye maungamo, kwamba godoro nalo limelowa, na kwamba Luhende ameshaanza kukusanya sahani.

Aliposikia sahani, Dorotea akakaa chini. Miaka arobaini na kitu iliyopita, shule ya bweni, yeye mwenyewe alizungushwa uwanjani godoro kichwani, wenzake nyuma wanagonga sahani na kumwimbia kikojozi. Alizungushwa mara tatu. Ya nne hakuisubiri. Alitembea kwa miguu mpaka kwao, na masomo yakaishia hapo, darasa la sita. Watu wakimuuliza mbona hakuendelea, husema alikosa ada. Ada ilikuwa imelipwa yote. Ilimuuma wakati ule na inamuuma mpaka leo, asikudanganye mtu.

Basi akalitumbukiza shuka kwenye maji, akajifuta mikono, akaenda bwenini. Watoto walikuwa wamelizunguka godoro, na Luhende, kijana wa miaka kumi na mmoja mwenye mdomo wa mnadani, alikuwa katikati na sahani zake sita. Dorotea akainama, akaligusa godoro, kisha akajishika kifua.

“Kumbe mwaka huu amekuja mapema,” akasema.

Wakamuuliza nani. Hapo akawapa hadithi, na mimi niseme haki, kwa mtu wa darasa la sita alijitahidi. Akawaambia kuna mzimu anakaa chini ya mawe ndani ya ziwa, na Juni upepo ukianza kuvuma anapata baridi ya kutisha. Basi hutoka akichuruzika maji, akapita kitanda kwa kitanda kutafuta godoro lenye joto. Hamlalii mwoga, maana mwoga atapiga kelele. Huchagua jasiri, akajikunja miguuni pake, na kabla jogoo hajawika anarudi ziwani. Anachoacha ni maji. Na anayemcheka mwenye godoro, kesho yake mzimu humlalia huyo huyo, kichwani.

Luhende akaziweka sahani chini moja moja, taratibu, zisilie.

Dorotea alidhani ameyamaliza. Hajui watoto huyu! Jumatano yalilowa magodoro matatu, la Luhende likiwa la kwanza, na alilibeba kwenda kuanika kama mtu aliyeshinda kombe. Alhamisi yakafika kumi na moja. Ijumaa ishirini na manne, pipa la maji liko tupu, na wenye magodoro makavu wanaitwa waoga hadharani. Mawe yote ya pale yakavaa magodoro. Wavuvi waliokuwa wakipita wakauliza kama kuna hospitali mpya.

Mkuu wa kambi alikuwa Mwalimu Mutayoba, Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa kemia, mtu anayevaa tai hata mchangani. Mizimu haimo kwenye silabasi yake. Jumamosi, watoto wakinywa uji, akasimama akawaeleza kwamba maji ya pipa hayana harufu, bali mkojo unayo. Kesho wazazi wanakuja, na yeye hatawapa wazazi habari za mizimu. Saa nne atapita godoro kwa godoro, kwa pua yake mwenyewe, na ukweli utajulikana.

Queen akaweka kikombe chini bila kukimaliza. Dorotea akamwona. Alikuwa na saa mbili, na dagaa wa watoto thelathini wa kuosha. Basi watoto walipokwenda katekisimu, mpishi wetu alionekana akipanda mawe na beseni, akishuka, akipanda tena, anahema kama treni ya zamani.

Saa nne Mwalimu akaanza. Akanusa la kwanza, akafumba macho. Akanusa la pili, akakohoa. Wasomi nao wana kazi zao. Alipofika la Queen akanusa mara mbili. Mwalimu akanyooka, akarekebisha tai.

“Mama Dorotea, huyu mzimu wenu ananuka dagaa.”

“Mzimu wa ziwa, mwalimu, ulitaka anuke nini? Ndizi?”

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu hakucheka. Akalitazama beseni lililoegemezwa jikoni, akamtazama Queen aliyekuwa ameshika pindo la kanga ya mpishi, mkono mzima. Kisha akawatangazia watoto kwamba leo sayansi imeshindwa, kila mtu aoshe godoro lake kwa sabuni. Alipopita mlangoni pa jikoni akasimama kidogo, bila kumwangalia Dorotea.

“Seminari walikuwa wananifuata na kengele, nina godoro kichwani,” akasema, akaomba uji.

Jumapili, kabla ya wazazi kufika, Queen akaja jikoni analia. Magodoro ishirini na tisa yalikuwa yamelowa, maana watoto walificha maji kwenye chupa. Lake lilikuwa kavu. Kavu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu aje.

“Hakuja kwangu,” akasema, na alikuwa ameshika kikombe tayari kuomba maji.

Dorotea akamnyang'anya kikombe. Akamwambia mzimu alipita jikoni kuaga: baridi imemwisha, Queen amempasha moto vya kutosha, hao wengine anawasalimia tu. Mtoto akafikiri, akafuta kamasi.

“Na wewe alikuwa anakuja kwako, ulipokuwa mdogo?”

“Kila siku,” akasema Dorotea. “Ila shuleni kwetu hakuna aliyejua kwamba ni mzimu.”

Queen akamwambia pole, kama watu wazima wanavyosema msibani. Dorotea akakijaza kikombe uji, akampa, kisha akarudi kwa dagaa wake, akawaosha mara ya pili ingawa walikuwa safi.